Kutenda Duniani na Kuitambua Nafsi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Karma Yoga

Karma yoga ni njia ya Kihindu ya kutimiza wajibu bila kushikamana na matunda yake. Majibu haya yanafuata Bhagavad Gita, mazungumzo ya Krishna, Mungu katika umbo la mwanadamu, na shujaa Arjuna; Upanishadi, sehemu ya mwisho ya maandiko matakatifu ya Veda; na wafafanuzi wakuu wa Vedanta, falsafa inayotokana na maandiko hayo. Tarakimu kama 2.47 zina maana ya sura ya 2, ubeti wa 47 wa Gita, yenye sura 18 na beti 700. Pale wafafanuzi wanapogongana tumesema wazi, maana mgongano huo ndio moyo wa somo lenyewe na si haki kuufunika.

Kwani tatizo liko wapi? Kwa nini kazi na ukombozi visipatane?

Kwa sababu ya hesabu ya karma. Kila tendo lenye nia, jema au baya, huacha tunda. Tunda lazima lionjwe, kulionja kunahitaji mwili, na mwili ukishapatikana unatenda tena. Mzunguko huo ndio samsara, na kutoka humo ndiko ukombozi, moksha. Wengi hudhani maovu peke yake ndiyo yanayomfunga mtu, lakini wema nao hufunga. Gita 9.21 inasema kwamba waliofika peponi kwa thawabu za ibada hurudi katika dunia ya wanaokufa thawabu zinapokwisha. Mundaka Upanishadi inaziita kafara za Veda vyombo dhaifu visivyoweza kumvusha mtu.

Jawabu la haraka lingekuwa kuacha kutenda, lakini mlango huo nao umefungwa. Hakuna anayekaa hata kitambo kidogo bila kutenda (3.5), na mwili wenyewe hautunziki bila kazi (3.8). Anayekalia mikono huku moyo wake unazunguka kwenye vitu alivyodai kuviacha, Gita inamwita mnafiki (3.6). Kwa hiyo ukitenda unafungwa, na kutotenda huwezi. Arjuna yuko katika kabari hiyo pale Kurukshetra, kwenye uwanja wa vita, akiuliza apigane au aache, na swali lake linamhusu pia mwenye duka, mama mwenye watoto wadogo na karani wa ofisini.

Je, ni Gita iliyoleta wazo la kuunganisha kazi na ukombozi?

Hapana. Isha Upanishadi, fupi mno kwa beti zake 18, inaanza nalo. Ubeti wa kwanza unasema ulimwengu wote umefunikwa na Bwana, kwa hiyo ishi kwa kuachilia, usitamani mali ya mtu. Wa pili unasema mtu atake kuishi miaka 100 akitenda kazi zake hapa hapa, na kwamba akiishi hivyo tendo halimnati. Beti hizo mbili zimewekwa bega kwa bega, na wafafanuzi wamegombana juu yake tangu zamani. Mfafanuzi Shankara, aliyeishi karne ya 8, anasema ubeti wa kwanza ni wa aliyeiacha dunia na wa pili ni wa asiyeweza kuiacha. Wengine wanasema ni mtu yule yule mmoja. Ukilielewa gomvi hili dogo, umeshika ufunguo wa mengi yanayofuata.

Ubeti wa 2.47 unasema nini hasa?

Ndio ubeti unaonukuliwa kuliko yote, na ndio unaokatwa vibaya kuliko yote. Una sehemu nne, na anayezishika mbili tu anapotea.

Ya kwanza: una mamlaka juu ya kazi. Ya pili: juu ya matunda yake huna mamlaka kamwe. Ya tatu: usiwe mtu ambaye sababu yake ya kutenda ni tunda. Ya nne, ambayo watu huiruka: usishikamane na kutotenda.

Sehemu ya pili ni maelezo ya hali ya mambo kabla ya kuwa agizo. Gita 18.14 inataja visababishi vitano vya kila tendo: mwili, mtendaji, viungo na hisi, mienendo mbalimbali, na cha tano, daiva, yaani kile kilicho nje ya uwezo wa binadamu. Mtazame muuguzi anayechoma sindano. Mwili wake upo. Yupo yeye anayesema "mimi nachoma". Yapo macho yanayotafuta mshipa na vidole vinavyoshika bomba. Upo mwendo wenyewe wa kusafisha ngozi, kuingiza sindano, kusukuma dawa taratibu na kuichomoa. Halafu kuna jinsi damu ya mgonjwa itakavyoipokea dawa, na hapo muuguzi hana amri. Anayejiona yeye peke yake ndiye mwenye tendo zima, 18.16 inasema haoni sawasawa. Kwa hiyo kuachilia tunda ni kukubali ukweli ulivyo: kati ya visababishi vitano, kimoja hakikuwa chako tangu mwanzo.

Basi nisiwe na malengo? Nisipokee mshahara?

Uwe nayo, na upokee. Krishna mwenyewe anamwambia Arjuna ashinde na aufurahie ufalme (11.33). Asiye na lengo hawezi hata kuchagua njia ya kufanya kazi. Mkulima asiyejali mavuno hatapalilia kwa wakati. Kinachokatazwa ni kuyageuza matokeo kuwa kipimo cha thamani yako, au kuwa sharti la kutimiza wajibu: nikisifiwa nitafanya vizuri, nisiposifiwa nitalipua kazi. Mshahara ni sehemu ya mapatano ya kazi. Upokee, tunza nyumba yako, toa sadaka. Usipolipwa haki yako, kuidai hakuvunji karma yoga, mradi usiidai kwa chuki.

Sanyasa na tyaga vinatofautianaje?

Arjuna anauliza swali hili hili mwanzoni mwa sura ya 18, baada ya kusikiliza sura 17, na hilo linaonyesha ugumu wake. Jibu la 18.2: sanyasa ni kuacha matendo yanayofanywa kwa tamaa ya kitu fulani, na tyaga ni kuachilia matunda ya matendo yote. Kafara, sadaka na mazoezi ya kujitawala visiachwe (18.5).

Kisha Krishna anagawa kuacha katika namna tatu, na sehemu hii ingefaa kubandikwa ukutani kwa kila anayefikiria kuacha kazi "kwa ajili ya roho". Anayeacha wajibu wake kwa kutoelewa, kuacha kwake ni kwa tamasi, guna (yaani sifa ya asili) ya giza na uzito (18.7). Anayeacha kwa sababu kazi inamuumiza mwili au anaogopa taabu, kuacha kwake ni kwa rajasi, guna ya pupa, na hapati tunda la kuacha (18.8). Anayeendelea na wajibu kwa kuwa ni wajibu, akiachilia mshikamano na tunda, ndiye aliyeacha kwa satwa, guna ya uangavu (18.9). Tazama kwamba yule wa tatu, anayesifiwa, ndiye pekee ambaye bado yuko kazini.

Kazi yoyote inaweza kuwa karma yoga? Mwizi je?

La. Mapokeo yanagawa matendo kwanza. Yako ya kila siku (nitya), yako ya tukio maalumu kama kuzaliwa au kufiwa (naimitika), yako ya kutafuta kitu fulani (kamya), na yako yaliyokatazwa (nishidha). Yaliyokatazwa huachwa moja kwa moja, hayasafishwi kwa kutoshikamana. Ya kamya hupunguzwa pole pole. Mawili yaliyobaki ndiyo uwanja wa karma yoga. Humo mna pia madeni matano ya kila siku ya mwenye nyumba: kwa miungu kwa ibada, kwa wazee waliotangulia kwa kuwakumbuka, kwa walimu wa kale kwa kusoma, kwa wanadamu kwa kumkirimu mgeni, na kwa viumbe wengine kwa kuwatengea chakula.

Kwa hiyo anayemdhulumu mfanyakazi wake halafu akasema "sikushikamana na faida" hayumo katika mjadala huu.

Nifanyeje siku ya kawaida ya kazi?

Chagua wajibu mmoja usioweza kuukwepa. Usianze na yote. Uwe ule unaokuchoma zaidi, kama kumhudumia mzazi mgonjwa au kujibu wateja, kwa sababu pale pasipouma hutauona mshikamano wako.

Kabla ya kuanza, tia nia. Katika ibada hii huitwa sankalpa: unataja unachofanya na unamfanyia nani. Sentensi moja inatosha. Asiyeegemea Mungu mwenye nafsi anaweza kuielekeza kwenye lokasangraha, yaani kuushikilia ulimwengu usitawanyike (3.20).

Wakati wa kazi, weka akili yote kwenye kazi. Si wakati wa kurudia rudia "mimi si mtendaji". Gita 2.50 inaiita yoga ustadi katika kazi, na kazi mbovu haiwi ibada kwa kuombewa.

Ikiisha, ikabidhi. Baada ya puja, ibada ya kumtolea mungu sadaka, Wahindu wengi huchota kijiko cha maji, huyamimina kwenye kiganja cha kulia na kuyaachia yachuruzike kwenye sahani ndogo wakisema "Krishnarpanam astu", na itolewe kwa Krishna. Tendo lenyewe halichukui muda, lakini mkono umefunguka na maji yamekwenda. Ofisini huhitaji maji. Funga faili, itoe moyoni, inuka.

Kisha pokea kitakachokuja kama prasada, chakula kilichotolewa hekaluni kikarudishwa kwa waumini. Prasada huipokei kwa kuchagua kipande kikubwa.

Mlo ni mahali pazuri pa kujizoeza, maana huja kila siku na tamaa yake haijifichi. Katika nyumba zinazofuata desturi ya zamani, mlaji hunyunyiza maji kuzunguka sahani, hunywa tone la maji, kisha hula matonge matano madogo, kila moja kwa mojawapo ya pumzi tano: prana, apana, vyana, udana, samana. Nyingine husoma ubeti wa 4.24 tu, unaosema kwamba kutoa ni Brahman, yaani uhalisi mkuu wa vyote, kinachotolewa ni Brahman, na moto unaopokea ni Brahman. Njaa ipo, chakula kipo, na katikati kuna pumziko la kumkumbuka mwenye chakula.

Na kama siwezi kuelekeza kila kitu kwa Mungu?

Gita 12.8 hadi 12.11 inashuka ngazi kwa huruma kubwa. Tuliza akili ndani yangu, anasema Krishna. Usipoweza, jizoeze kuirudisha tena na tena. Usipoweza hilo, fanya kazi kwa ajili yangu. Na usipoweza hata hilo, achilia matunda ya kazi zako. Kuachilia matunda, ambako watu wengi hukuogopa kama jambo la mabingwa, kumewekwa kwenye daraja ya chini kabisa, pale anapoanzia aliyeshindwa mengine yote.

Nitajuaje ninakosea?

Kosa la kwanza na lililoenea ni kutojali. Mtu analegea, anachelewa, halafu anasema ameachilia. Dawa iko 18.26: mtendaji wa satwa hana mshikamano, hajisemi "mimi, mimi", habadiliki kwa kufaulu au kushindwa, na ana uthabiti na bidii. Bidii imetajwa waziwazi. Mtendaji wa tamasi katika 18.28 ni mvivu, mwenye huzuni, na mwenye kuahirisha kila jambo. Ukijiona umetulia lakini kazi zinalala, rudi usome beti hizo mbili pamoja.

La pili ni kukwepa kuwajibika. "Yote ni mapenzi ya Mungu" ikitamkwa baada ya uzembe, ni kinyume cha 2.47, kwa kuwa sehemu ya kwanza ya ubeti imekupa mamlaka juu ya kazi. Kazi ikiharibika, chunguza, rekebisha, omba radhi. Usichobeba ni jina la "mshindwa".

La tatu linawapata wenye bidii. Wanaacha tunda la fedha na kushika tunda la sifa: waitwe watu wa kujitolea. Ishara yake ni uchungu anapotajwa mwingine. Hapa usiongeze kazi. Fanya moja isiyojulikana na mtu.

La nne ni kudhani uchovu ni zuhudi. Wahindu wana jina la namna hii ya kuichoka dunia: smashana vairagya, zuhudi ya mahali pa kuchomea maiti. Aliyemsindikiza maiti huona dunia si kitu, na akishaoga anarudi kwenye mambo yale yale. Usifanye uamuzi mkubwa wa maisha katika hali hiyo. Pumzika, lala, kisha uangalie kama hamu ya kuacha bado ipo.

Je, karma yoga peke yake inatosha kuleta moksha?

Hapa wakubwa wanaachana njia.

Shankara anasema hapana, na hoja yake ni kali. Tendo linaweza kuleta aina nne tu za matokeo: kukizalisha kitu kisichokuwepo, kama chungu, kukifikia kilichoko mbali, kama kijiji, kukibadilisha, kama maziwa kuwa mtindi, au kukisafisha, kama kioo kinachofutwa. Brahman hazaliwi, maana yupo daima. Hafikiwi, maana ndiye Nafsi yako. Habadiliki. Hasafishwi, maana hana doa. Basi hakuna tendo linaloweza "kuleta" moksha. Kinachokosekana ni kujua, na ujinga huondolewa na maarifa peke yake. Zaidi ya hapo, tendo linahitaji imani kwamba mimi ni mtendaji, na maarifa yanaiondoa imani hiyo hiyo. Viwili hivyo havikai ndani ya mtu mmoja kwa wakati mmoja.

Je, Shankara anaidharau kazi? Hata kidogo. Kazi iliyotolewa kwa Mungu inasafisha akili, na akili iliyosafika ndiyo inayoweza kupokea fundisho. Anategemea Brihadaranyaka Upanishadi 4.4.22, inayosema watu hutafuta kuijua Nafsi kwa kusoma Veda, kafara, sadaka na kujinyima. Kwake, basi, kuna mpangilio wa kabla na baada. Gita 6.3 inamuunga mkono: kwa anayetaka kupanda kwenye yoga, kazi ndiyo njia; kwa aliyekwisha kupanda, utulivu ndio njia.

Ramanuja, ambaye mapokeo yanamweka mwaka 1017 hadi 1137, anakataa. Kwake maarifa yanayookoa ni tafakuri ya kumpenda Mungu inayoendelea siku zote, na wajibu wa kila siku ni chakula chake. Hauachwi hadi kufa. Mfafanuzi mwingine, Bhaskara, anakwenda mbali zaidi akisema maarifa na matendo yaliyounganishwa ndiyo yanayoleta ukombozi. Mafundisho hayo ya muungano huitwa samuchaya, na ndiyo Shankara anayoyashambulia ukurasa baada ya ukurasa katika ufafanuzi wake wa Gita.

Mjadala uliwaka upya karne ya 20. Bal Gangadhar Tilak, aliyefungwa na Waingereza Mandalay, Burma, kuanzia 1908 hadi 1914, aliandika humo gerezani ufafanuzi mkubwa wa Gita uliochapishwa 1915. Dai lake ni kwamba Gita inafundisha kazi hata baada ya kutambua, si kabla yake tu.

Maoni yetu: hoja ya Shankara kuhusu aina nne za matokeo haijavunjwa vizuri na yeyote, lakini kama ufafanuzi wa Gita yenyewe, Ramanuja na Tilak wako karibu zaidi na maandishi. Krishna anamwambia Arjuna asimame apigane, na habadilishi kauli hadi mwisho wa sura ya 18. Kwa aliye njiani, tofauti hii haibadilishi kazi ya leo, kwa kuwa pande zote mbili zinamwambia aanze na wajibu wake.

Aliyekwisha kujitambua ana haja gani tena na kazi?

Hana haja. Krishna anajitolea mfano mwenyewe: katika ulimwengu tatu hakuna analopaswa kulifanya wala asilokuwa nalo, na bado anatenda (3.22). Sababu ni watu. Atendalo mkubwa, wengine hulifuata (3.21). Tena aliyejitambua anaonywa asiwavuruge akili wale walioshikamana na kazi zao, bali afanye kazi vizuri na kuwavuta waipende (3.26). Ni onyo linalowafaa sana walimu wanaowaambia vijana waache masomo.

Kuna pia suala la mwili kuendelea kuwapo. Karma hugawanywa mara tatu: iliyolundikana tangu zamani, inayotengenezwa sasa, na iliyokwisha kuanza kuzaa mwili huu, inayoitwa prarabdha. Maarifa huichoma ya kwanza na kuikata mizizi ya pili. Ya tatu huachwa iishe yenyewe, kama mshale uliokwisha kutoka kwenye upinde. Ndiyo maana mtu aliyekombolewa akiwa hai, jivanmukta, bado anaumwa, anazeeka na anasikia njaa.

Ndani yake kumebadilika nini? Gita 5.8 na 5.9 inajibu kwa kutaja mambo madogo madogo: akiona, akisikia, akigusa, akinusa, akila, akitembea, akilala, akipumua, akisema, akiachia, akishika, akifumbua na kufumba jicho, anajua "sitendi lolote", ni hisi zinazoshughulika na vitu vyake. Kwa nje huwezi kumtambua kwa kazi anayofanya.

Kuna mfano wa mtu asiye mtawa aliyefika?

Gita inamtaja Mfalme Janaka wa Videha (3.20). Katika Brihadaranyaka Upanishadi mwalimu mkuu Yajnavalkya ana wake wawili, Maitreyi na Katyayani, na anafundisha kwenye baraza la Janaka. Lakini mwisho wake anaaga nyumba aende, na wanaotetea sanyasa hawakosi kulikumbusha hilo.

Ila mfano wenye nguvu kuliko yote uko katika kitabu cha msituni cha Mahabharata, utenzi mrefu wa kale wenye Gita ndani yake. Brahmini Kaushika, mtu wa tabaka la makuhani, alikuwa chini ya mti akisoma Veda, ndege akamchafua kutoka juu. Akamtazama kwa hasira, ndege akaanguka amekufa. Akaenda kuomba chakula, na mama wa nyumba akamwambia asubiri kwanza amhudumie mume wake. Kaushika akakasirika. Yule mama akamwambia mimi si ndege wako, na kama unataka kujua dharma, yaani wajibu na uadilifu, nenda Mithila kwa muuza nyama. Akamkuta dukani, wateja wamemzunguka, anauza nyama ya wanyama waliochinjwa na wengine. Muuza nyama akamaliza wateja wake, akampeleka nyumbani, akamwonyesha wazazi wake wazee: hawa ndio miungu yangu. Kisha akamwambia Kaushika kosa lake lilipo: ulikwenda kutafuta elimu bila ruhusa ya baba na mama, rudi. Kaushika akarudi kuwatunza.

Lakini Gita inamtuma mtu vitani. Je, haihalalishi kuua?

Swali ni la haki. Ubeti wa 18.17 unasema asiye na umimi, hata akiwaua watu hawa, haui. Ukichomolewa peke yake ni hatari. Ndani ya Gita umefungwa pande zote: tamaa, hasira na uroho ni milango mitatu ya jehanamu (16.21), na kutodhuru kumo katika orodha za tabia njema (13.7, 16.2). Mtu mwenye chuki hawezi kujidai ndiye anayesemwa humo. Tilak alikisoma kisa kama vita halisi. Gandhi, aliyetoa tafsiri yake ya Kigujarati mwaka 1930, alikisoma kama vita ya ndani ya moyo, akasema anayejaribu kwa kweli kuachilia matunda ataona vurugu na uongo havina nafasi, kwa kuwa vyote viwili huanza na kutaka tunda.

Wajibu wako, svadharma, si jina jingine la tabaka?

Kwa sehemu kubwa ya historia, ndiyo. Gita 18.41 hadi 18.44 inagawa kazi kwa varna nne, yaani matabaka, na 3.35 inasema bora wajibu wako hata ukiwa na kasoro kuliko wa mwingine. B. R. Ambedkar, aliyeongoza kamati ya kuandika katiba ya India, aliishutumu Gita kwa kuupa mfumo wa varna kinga ya kifalsafa. Wanaoitetea hutaja 4.13, inayosema mgawanyo ni kwa sifa na matendo. Ubeti huo hautaji kuzaliwa, lakini haukuwazuia watu kutumia kuzaliwa kwa karne nyingi. Anayeisoma leo achukue svadharma kama wajibu unaotokana na maumbile yake na nafasi aliyomo, na asimwambie mtu mwingine svadharma yake ni ipi.

Watawa wa Kihindu wa leo wanafanya kazi za dunia?

Wengi hufanya. Mwaka 1897 mtawa Vivekananda alianzisha Ramakrishna Mission huko Calcutta, na kaulimbiu ya jumuiya hiyo inashika pande zote mbili: kwa ukombozi wa nafsi yako na kwa manufaa ya ulimwengu. Watawa wake huendesha hospitali na shule. Katika mahekalu ya Wahindu wenye asili ya Gujarat huko Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, waumini wa kawaida hufanya seva, huduma ya kujitolea: kufagia, kupika, kupanga viatu vya wageni mlangoni. Kupanga viatu ni karma yoga kamili. Hakuna anayekusifu kwa kazi hiyo, na viatu vikichanganyika utaona mara moja kama ulikuwa makini.

Lazima niwe Mhindu?

Kuijaribu njia ya kuachilia tunda hakuhitaji kubadili dini. Beti na ibada zenye majina ya miungu ni jambo jingine. Mwenye dini yake atumie dua zake.

Nianze kusoma wapi?

Anza na sura ya 2 kuanzia ubeti wa 39 hadi mwisho, kisha sura ya 3 nzima, ya 5, na ya 18 beti 1 hadi 30. Soma beti tano kwa siku, usizidishe, na kila siku shika mmoja uende nao kazini. Isha Upanishadi ifuate baadaye, pamoja na ufafanuzi angalau miwili inayopingana. Sura ya 11, yenye maono makubwa, iache hadi uzizoee hizo nyingine, la sivyo utabaki na ajabu yake na kusahau kwamba baada ya maono Arjuna anarudishwa kwenye kazi ile ile.